Mzani Kabla ya Moto, Mzani Baada ya Moto

Jua likizama Mbagala Rangi Tatu, jijini Dar es Salaam, moshi wa nyama huanza kupanda kandokando ya Barabara ya Kilwa. Sinza na Mwananyamala nako hali ni hiyohiyo. Mpita njia huona biashara moja tu ya kuchoma nyama, ila kwa hakika ziko mbili, na kinachozitenganisha ni mahali mzani unapokaa.

Kwenye baa, nyama imening'inizwa. Mteja anaonyesha mbavu au paja, inapimwa ikiwa mbichi, bei inatajwa, ndipo inawekwa kwenye wavu. Kwenye meza ya mishikaki mteja hauoni mzani kabisa. Anahesabu njiti.

Tofauti hiyo ndiyo inayoamua nani anaumia bei ya nyama inapopanda. Takriban robo tatu ya nyama isiyo na mafuta ni maji. Ikichomwa mpaka iive kabisa, kama wakazi wengi wa Dar es Salaam wanavyoipenda, hupoteza kati ya robo na theluthi ya uzito wake. Kilo iliyopimwa mbichi hurudi mezani ikiwa na gramu 700 hivi. Baa ilishauza kilo nzima, kwa hiyo kilichodondokea makaa ni hasara ya mteja. Muuza mishikaki naye alinunua kilo mbichi na anauza kilichobaki baada ya moto. Ndiyo maana ujuzi mwingi wa kukabiliana na bei umezaliwa kwake, si baa.

Bei yenyewe huanzia mbali na jiko. Ng'ombe wanaoliwa Temeke na Kinondoni hutoka Shinyanga, Tabora, Singida na Dodoma, wakasafirishwa kwa malori mamia ya kilomita hadi mnada wa Pugu, kisha wakapelekwa machinjioni, Vingunguti ikiwa maarufu kuliko zote. Njiani wanapungua uzito. Ng'ombe wetu wa asili mwenye kilo 250 akiwa hai, akishachinjwa na kutolewa ngozi, kichwa na matumbo, hubaki na takriban nusu ya uzito huo, na hapo mifupa bado imo. Mafuta ya lori yakipanda, bucha linapandisha. Ukame nao una mkono wake: ule wa mwaka 2021 kuingia 2022 uliua mifugo mingi, Simanjiro ikiwa miongoni mwa wilaya zilizoumia zaidi. Halafu kuna wanunuzi wa nje, hasa nchi za Ghuba, wanaoigombea nyama hiyohiyo.

Msomaji atauliza: nchi yenye ng'ombe zaidi ya milioni 30 inakosaje nyama ya bei nafuu? Jibu ni kwamba kwa mfugaji wa kawaida ng'ombe ni akiba. Anamuuza pale mtoto anapodaiwa ada au mgonjwa anapohitaji matibabu, si pale Dar es Salaam inapokuwa na njaa ya nyama. Kuhifadhi nyama nako kumefifia: Kawe palikuwa na kiwanda cha Tanganyika Packers kilichosindika nyama ya kopo. Leo jina hilo wengi wanalijua kwa viwanja vya mikutano tu. Sehemu kubwa ya mji imebaki kula kilichochinjwa usiku uleule, na wachomaji wengi hawana pa kuweka akiba ya nyama iliyonunuliwa siku bei ilipokuwa chini.

Sasa hesabu ya njiti. Tuichukulie kilo ya steki kuwa Sh12,000. Ikikatwa vipande vya gramu 20 vinapatikana 50, na vinne kwa kila njiti vinatoa mishikaki 12, vipande viwili vikibaki. Nyama peke yake imeshagharimu Sh1,000 kwa mshikaki, kabla ya mkaa, viungo na ushuru. Kilo ikifika Sh14,000, kila njiti inaongezeka karibu Sh170. Hapo ndipo penye mtego: mteja wa mtaani amezoea bei za mia tano na elfu, na hakuna anayetoa Sh1,170 kwa mshikaki. Bei ya njiti haipandi kidogokidogo kama ya bucha.

Kwa hiyo kisu ndicho kinachosogea. Vipande vikishuka hadi gramu 15, kilo inatoa 66, yaani mishikaki 16, na nyama ya kila mmoja inagharimu Sh875. Gramu tano tu zimemeza ongezeko lote na kuacha chenji. Lakini kipande kidogo hukauka upesi, kwa kuwa eneo linalopigwa na moto ni kubwa ukilinganisha na nyama iliyo ndani. Mchomaji mzuri hujibu kwa kubana vipande vishikane kwenye njiti, kupachika kipande cha mafuta au nundu katikati, na kuchoma haraka kwenye makaa yaliyokwisha kushika vizuri. Asiyejua hayo anauza mkaa wenye chumvi, na mteja harudi.

Kuna pia njia ya kununua sehemu ngumu na kuilainisha. Papai bichi lililosagwa lina kimeng'enya kinachokata nyuzi za nyama, na hufanya kazi kwa nguvu zaidi nyama inapoanza kupata joto. Kwa vipande vya mishikaki, nusu saa hadi saa moja inatosha. Kikiachwa usiku kucha nyama inakuwa uji kwa nje. Ndimu nayo ikikaa muda mrefu huifanya nyama iwe kama chokaa mdomoni, hivyo ni bora itiwe karibu na kuchoma, pamoja na tangawizi na kitunguu saumu.

Hata hivyo, ufundi unaostahili sifa kuliko yote ni ule wa chungu na wavu. Mbavu na kidari vinachemshwa kwanza kwa moto mdogo, saa moja au zaidi, mpaka kano zilainike. Asubuhi mchuzi unauzwa kama supu, pamoja na chapati. Jioni nyama ileile inapakwa viungo na kupitishwa motoni kwa dakika chache ipate rangi na harufu. Yale maji yaliyokuwa yakidondokea makaa sasa yananywewa kwa bakuli na kulipiwa. Mkaa kwenye wavu unapungua, nyama inalainika, na hakuna aliyepunjwa.

Nyumbani hesabu ni nyepesi zaidi. Familia inayonunua nusu kilo itafaidi zaidi ikichemsha kwanza kuliko kuichoma mbichi, maana mchuzi utashusha ugali. Majirani kuchangia mbuzi mmoja na kugawana mafungu bado ni mpango mzuri wa siku ya mapumziko, na kuku wa kisasa amekuwa mkombozi wa wengi.

Njia moja haifai hata kidogo: kununua nyama ya bei ya kutupa isiyojulikana ilikochinjwa. Kibudu hakitangazwi. Huja kimekwisha kukatwa vipande vidogo na kuzamishwa kwenye viungo vikali vinavyoficha harufu. Kimeta na kifua kikuu cha ng'ombe ni magonjwa yanayompata binadamu, na moto wa juujuu hauondoi hatari hiyo. Anayefanya hivyo hajakabiliana na bei, amewahamishia wateja wake mzigo ambao hawakuukubali.

Leo jioni, kabla ya kuagiza, muulize mchomaji wako nyama imetoka machinjio gani, na uombe kuona mhuri wa mkaguzi kabla kisu hakijapita.