Kerneli yenye viraka kwenye laptopu ya mtumba: obokano haikwaruzi tena

PREEMPT_RT! Ndilo neno lililotokea kwenye skrini nilipoandika `uname -a`, na kando yake jina nililoibatiza kerneli yangu: gusii. Imewaka! Hii ni ThinkPad X250 ya mtumba, prosesa ya i5, RAM ya gigabaiti 8, mojawapo ya zile laptopu zinazouzwa mjini Kisii kwa jina la ex-UK. Sasa inaendeshwa na kerneli ya Linux, kiini cha mfumo wake, niliyoijenga mwenyewe kutoka kwa msimbo wake wa asili, ikiwa imebandikwa viraka vya watu ambao huenda nisionane nao maishani. Sijakaa nayo muda mrefu, lakini nasema bila kusita kwamba sirudi nilikotoka.

Kazi yangu ni kurekodi muziki, na muziki ninaoupenda kuliko wote ni wa obokano. Asiyeijua, aifikirie nyatiti iliyokua ikapita kimo: nyuzi 8, mwili mkubwa wa mbao uliowambwa ngozi ya ng'ombe, na uzi mzito ambao ukiguswa unausikia kifuani kabla haujafika masikioni. Wapigaji wake wengi ni wazee walioko vijijini, Kisii na Nyamira, na hawawezi kubebwa kila mara hadi studio za Nairobi. Kwa hiyo studio inawafuata wao: laptopu, kadi ya sauti ya USB, maikrofoni mbili na vipokea sauti.

Na hapo ndipo kerneli ya kawaida inaposhindwa. Mpigaji anataka kujisikia kwenye vipokea sauti pamoja na mwimbaji, papo hapo. Ukitumia bafa, yaani hifadhi ya muda ya sauti, ya fremu 1024 kwa sampuli 48,000 kila sekunde, bafa moja tu inakula milisekunde 21, na sauti hupita zaidi ya bafa moja kuingia na kutoka. Mzee anapiga uzi, sauti inamfikia imechelewa, mkono unapoteza mwendo. Ukishusha hadi fremu 128 unapata milisekunde 2.7 kwa bafa, safi kabisa, ila sasa kerneli isipoamka kwa wakati unasikia "tak!" katikati ya wimbo. WiFi ikitafuta mtandao, tak. Diski ikiandika, tak. Na wimbo wa obokano ni mrefu, si kitu cha kumwomba mzee arudie kwa sababu ya kompyuta.

Dawa ya ugonjwa huu ilikuwepo kwa miaka karibu 20, ila ilikuwa kiraka, yaani mabadiliko ya msimbo yanayobandikwa juu ya kerneli. Thomas Gleixner, Ingo Molnar na wenzao waliubeba mradi wa PREEMPT_RT nje ya kerneli kuu, wakiingiza vipande vyake kidogo kidogo, na kila toleo jipya lilipotoka ilibidi kilichobaki kilinganishwe upya. Kizuizi cha mwisho kilikuwa printk, ile sehemu ndogo inayoandika ujumbe wa kerneli. Septemba 2024, mjini Vienna, Gleixner alimkabidhi Linus Torvalds ombi la mwisho mkononi, likiwa limechapishwa na kufungwa kwa karatasi ya dhahabu na utepe. Likakubaliwa. Toleo la 6.12 lilipotoka Novemba 2024, PREEMPT_RT ilikuwa ndani, kwa prosesa za x86, arm64 na RISC-V. Na 6.12 ni toleo la muda mrefu, linaloendelea kurekebishwa kwa miaka. Mimi hupata joto la furaha kila nikiikumbuka karatasi ile!

Inafanyaje kazi? Sehemu nyingi za kerneli ambazo zamani zilikuwa hazikatizwi, sasa zinakatizwa. Kazi za kuhudumia vifaa zinakuwa nyuzi za kawaida zenye vyeo, kwa hiyo uzi wa sauti ukipewa cheo cha juu unaipita WiFi bila kuomba ruhusa. Na kuna jambo moja la ujanja mtupu: kazi ya cheo cha chini ikiwa imeshika kufuli ambalo kazi ya cheo cha juu inalihitaji, ile ya chini inaazimwa cheo hadi imalize. Ni kama ambulensi imekwama nyuma ya mkokoteni kwenye daraja jembamba: njia ya haraka ni wote kuusukuma mkokoteni uvuke.

Juu ya PREEMPT_RT nimebandika kiraka cha BORE, kazi ya Mjapani Masahito Suzuki, na hiki bado kiko nje ya kerneli kuu. Kinagusa mgawaji wa zamu za prosesa, yaani EEVDF iliyoingia toleo la 6.6. BORE inaangalia kila programu imekuwa ikila prosesa kwa muda gani mfululizo bila kupisha. Mlafi anasukumwa nyuma, na anayegusa kidogo na kupisha anapewa nafasi mapema. Nimeijaribu kwa ukatili: wimbo unahifadhiwa katika umbo la FLAC, nakala inabanwa, kivinjari kimejaa kurasa, na mshale wa kipanya unateleza kana kwamba mashine haina kazi. Kwenye prosesa yenye viini viwili tu! Hili sikulitegemea.

Sasa ujenzi wenyewe, maana utamu wote uko huko.

Faili la msimbo kutoka kernel.org linakaribia megabaiti 150, na ukilifungua linapita gigabaiti moja na nusu. Lipakulie mjini Kisii kwenye faiba kabla hujapanda Nyamira, bando lako la simu litakushukuru. Hakiki sahihi yake, na kumbuka kwamba sahihi ni ya faili la .tar lililokwisha kufunguliwa kutoka kwenye .xz. Halafu ingia ndani ya folda na ubandike kiraka kwa majaribio: `patch -p1 --dry-run --verbose`. Hapo programu inakuambia kila kipande kitakaa wapi bila kugusa chochote. Nilipoona mistari ikishuka mmoja mmoja, "succeeded", "succeeded", vipande vingine vikiwa vimesogea mistari michache kutoka pale mwandishi alipovikusudia na bado vikapata mahali pake, nilisimama. Programu hii ya patch iliandikwa na Larry Wall mwaka 1985, kabla Linux yenyewe haijazaliwa, na hadi leo inaelewa kwamba watu wawili wanaweza kurekebisha faili moja bila kujuana.

Kabla ya kusanidi, chomeka kila kifaa utakachotumia: kadi ya sauti, modemu, kibodi ya muziki, vyote. Kisha `make localmodconfig`. Amri hii inasoma moduli zinazofanya kazi wakati huo na kuyaacha maelfu ya nyingine, na ndiyo inayofanya X250 imalize kazi chini ya saa moja badala ya kuhema usiku kucha. Kifaa ambacho hakikuchomekwa, kerneli mpya haitakijua. Kwenye `menuconfig` washa kwanza chaguo la EXPERT, kwa sababu bila hilo PREEMPT_RT haionekani kabisa, na wengi hukata tamaa hapo. Kama usanidi wako umetoka Debian au Ubuntu, futa njia ya vyeti kwenye SYSTEM_TRUSTED_KEYS, la sivyo ujenzi utakwama. Baada ya hapo ni `make -j4 bindeb-pkg`, na feni inaanza kuimba.

Na stima? Gusii ni nchi ya mvua za alasiri na radi zisizo na mzaha, na umeme ukipotea hausemi unarudi saa ngapi. Hapa X250 inaonyesha uungwana wake: ina betri mbili, moja ya ndani na moja ya kuchomoa, kwa hiyo unabadilisha ya nje bila kuizima. Hata ikizima kabisa, `make` inajua ni mafaili gani yalikwisha kujengwa na inaendelea na yaliyobaki. Nani alibuni mambo haya kwa kutufikiria hivi!

Nikiwa kwenye viraka, siwezi kumpita Con Kolivas. Ni daktari wa nusukaputi wa Australia aliyejifundisha lugha ya C kwa sababu alitaka kompyuta ya mezani ijibu upesi. Viraka vyake vya -ck vilipendwa dunia nzima. Mwaka 2007 mgawaji wa zamu wa Ingo Molnar, CFS, alichukuliwa kwenye kerneli kuu badala ya wake, naye akaondoka. Akarudi 2009 na BFS, akaendelea hadi 2021. Msimbo wake haukuingia, lakini swali lake, kwamba mtu aliye mbele ya skrini naye ana haki yake, ndilo BORE inalojibu leo. Wapo pia Wakenya waliopitia Outreachy, mpango wa mafunzo ya kazi, ambao majina yao yamo kwenye historia ya kerneli, na ninataka mmoja wa kesho atoke Keroka au Nyansiongo.

Kiraka changu cha pili nakitaja kwa haraka: BBR ya toleo la tatu, kutoka Google, inayoamua data itumwe kwa kasi gani. Kwenye mtandao wa simu unaopoteza pakiti njiani, kutuma rekodi kubwa kutoka kijijini kumekuwa kwepesi kwa namna inayoonekana. Kwa aliye kwenye faiba, si lazima.

Jaribio lenyewe tulilifanya upande wa Manga, sebuleni kwa mpigaji mmoja, bati likiwa kimya kwa sababu mvua ilikuwa haijafika. Fremu 128, programu ya Ardour ikirekodi, WiFi nimeiacha wazi makusudi. Alivaa vipokea sauti, akagusa uzi mzito, akanyamaza. Akagusa tena.

"Tata, inachelewa?" nikauliza.

"Haichelewi, mwanangu. Iko hapa hapa kidoleni."

Akapiga wimbo mzima, ukafuata mwingine, na mwimbaji akamjibu bila kuvutana naye. Kihesabu cha kukatika kwa sauti kilibaki sifuri tangu mwanzo hadi mwisho. Nilishuka hadi fremu 64, milisekunde 1.3, na hapo ndipo kilipoanza kuhesabu, mara moja moja, ninapofungua kivinjari. Kwa hiyo 128 ndiyo nyumba yangu, na kwa obokano inatosha na kubaki.

Mapungufu yapo. Kazi nzito zisizo na haraka, kama kubana mafaili, zinachukua muda mrefu kidogo kuliko kwenye kerneli ya kawaida, maana RT inauza kasi ya jumla ili inunue uhakika wa wakati. Betri inaisha mapema. Viendeshi vinavyoletwa kutoka nje ya kerneli, hasa vya kadi za NVIDIA na baadhi ya WiFi za Broadcom, vinaweza kugoma. Secure Boot itaikataa kerneli usiyoitia sahihi. Kubwa zaidi, hakuna atakayekuletea marekebisho ya usalama: 6.12 hupata matoleo madogo mara kwa mara, na ni wewe wa kupakua, kubandika na kujenga upya. Asiye tayari kwa hilo achukue CachyOS, mfumo wa Linux ambao unatoa RT na BORE zikiwa zimeshajengwa pamoja.

Lakini kama unarekodi, kwaya ya kanisa, benga, ngoma za harusi, na laptopu yako ni ya mtumba kama yangu, jenga! Acha kerneli ya zamani kwenye menyu ya GRUB ili mpya ikigoma uwe na pa kurudia, jiongeze kwenye kundi la audio ili programu yako iruhusiwe kuomba cheo, na uipime kwa `cyclictest` ukiwa umeibebesha kazi nzito. Yangu inayofuata itakuwa ya Raspberry Pi 4, maana arm64 nayo sasa imo, na kuna mpigaji wa Kebirigo ambaye hataki kuona laptopu mbele yake anapoimba.