Jicho la Baharia Katika Uchoraji

Wako wanaodai kwamba picha bora ya bahari ni ile inayofanana na picha ya kamera. Sisi wakazi wa Mikocheni, tulio jirani na wavuvi wa Msasani, hatuliafiki dai hilo. Mpita njia hutazama ngalawa; mvuvi huijua.

Ushahidi wetu ni Alfred Wallis, Mwingereza aliyezaliwa mwaka 1855. Alikuwa baharia, akavuka Atlantiki hadi Newfoundland, kisha akafanya biashara ya vifaa vya vyombo katika mji wa St Ives. Hakufundishwa uchoraji. Alianza kuchora kwenye mwaka 1925, akikaribia umri wa miaka 70, baada ya kufiwa na mkewe. Alitumia vipande vya maboksi na rangi ya kupakia mashua. Mwaka 1928 wachoraji Ben Nicholson na Christopher Wood walikutana na kazi yake, wakastaajabu.

Katika picha zake meli huzidi nyumba kwa ukubwa, na bandari huonekana kana kwamba imetazamwa kutoka angani. Je, hayo ni makosa? La. Kwake ukubwa ulifuata uzito wa jambo. Nyumba haikumvusha bahari, meli ilimvusha. Ndiyo maana milingoti na matanga yake yana uhai, hata pale anapoirudia picha ile ile mara nyingi mno, jambo ambalo hatulisifu.

Hayo si mageni kwetu. Kuta za magofu ya Kilwa na Songo Mnara zina michoro ya majahazi iliyokwaruzwa katika chokaa. Naye Edward Saidi Tingatinga, aliyeanza kuchora Dar es Salaam kwenye mwaka 1968, alitumia rangi za dukani juu ya mbao za kujengea, wala hakupita chuo chochote cha sanaa.

Wallis alifariki mwaka 1942 katika nyumba ya maskini. Leo picha zake zimehifadhiwa Kettle's Yard, mjini Cambridge. Heshima ilimfikia, lakini shibe haikumfikia.

Basi, ndugu mwalimu, mtoto wa mvuvi akikuletea picha ya ngalawa yenye matengo yote mawili, ilhali kwa mtazamaji wa kando lingeonekana moja tu, usiikimbilie kalamu nyekundu. Muulize kwanza lile la pili hufanya kazi gani. Huenda siku hiyo mwanafunzi akawa wewe.