Pima Saa Kwanza, Jina Lisome Mwisho

Wapenzi wa saa hawaishiwi na ubishi, na ubishi wao mkali kuliko yote ni huu: chapa ipi usingeinunua hata ungekuwa na fedha zake? Majina huanza kumiminika. Hublot, kwa kuwa ina mbwembwe nyingi. Daniel Wellington, kwa kuwa umaarufu wake ni wa mitandaoni. Invicta, kwa kuwa inaiga. Michael Kors, kwa kuwa ni jina la mbunifu wa mavazi tu, na saa zenyewe hutengenezwa na kampuni ya Fossil. Hakosekani pia mmoja wa kuitaja Rolex yenyewe.

Orodha hizo zina raha yake, ila mara nyingi anayehukumiwa ni mvaaji. Mwongozo huu unafuata njia nyingine: saa ipimwe kwanza, jina lisomwe mwisho. Chapa inayostahili kukataliwa ni ile ambayo saa yake inadai kitu isichokuwa nacho.

Anza na mashine

Saa ya mkononi ni ya betri au ya springi, na kila aina ina vipimo vyake. Saa ya betri huongozwa na kipande cha jiwe la kwatsi ambacho, katika saa nyingi za leo, hutetemeka mara 32,768 kwa sekunde. Ya kwanza ya mkononi kuuzwa madukani, Seiko Astron, ilitoka Tokyo tarehe 25 Desemba 1969 kwa yen 450,000, bei iliyokaribia ya gari dogo. Baada ya hapo mashine za kwatsi zikashuka bei haraka mno, na Uswisi ikaona cha moto: ajira za viwanda vya saa zilipungua kutoka 90,000 hivi mwaka 1970 hadi kama 30,000 katikati ya miaka ya 1980.

Tangu wakati huo kumekuwa na watu wanaoidharau saa ya betri. Hesabu haziwaungi mkono. COSC, taasisi ya Uswisi inayopima usahihi, huichunguza mashine ya springi kwa siku 15, katika mikao mitano na viwango vitatu vya joto, kisha huipa cheti ikiwa wastani wake wa siku haupungui zaidi ya sekunde 4 wala kuzidi zaidi ya sekunde 6. Sekunde 6 kwa siku ni dakika 3 kwa mwezi. Casio F-91W, saa ya plastiki iliyoko sokoni tangu 1989, huahidi kutokosea zaidi ya sekunde 30 kwa mwezi. Juu yake kuna mashine ya 9F ya Grand Seiko, inayoahidi sekunde 10 kwa mwaka, na ile ambayo Citizen waliitoa mwaka 2019, inayoahidi sekunde moja kwa mwaka. Basi anayenunua saa ya springi ananunua ufundi, na muuzaji anayekuambia unanunua usahihi anakudanganya.

Ukiishika saa ya betri yenye akrabu, itazame ile ya sekunde kwa dakika nzima. Je, inatua juu ya kila alama, au inatua sawa kwenye 12 kisha inakosea kwenye 6? Je, inatikisika kila inaposimama? Kutikisika kidogo kunavumilika katika saa ya bei ya chini. Katika saa ya bei kubwa ni dalili kwamba fedha zako zimekwenda kwenye matangazo.

Kwa saa ya springi, swali la kwanza ni jina la mashine. NH35 ya Seiko, Miyota 8215 ya Citizen, ETA 2824 na Sellita SW200 za Uswisi: hizi zinajulikana, vipuri vyake vinapatikana, na fundi saa mzuri anaweza kuzifungua bila kubahatisha. NH35 haina makeke. Kiwandani kwake inaruhusiwa kupoteza hadi sekunde 20 au kuzidi hadi 40 kwa siku, ingawa nyingi hufanya vizuri kuliko hapo, na ikijazwa springi huenda kwa saa 41. Muuzaji asiyejua au asiyetaka kusema ndani mna mashine gani amekupa sababu ya kwanza ya kuondoka.

Usitishwe na idadi ya vito. Vito hivyo ni rubi za kutengenezwa, na kazi yake ni kupunguza msuguano mahali ekseli zinapozungukia. Saa ya kutia ufunguo kwa mkono inatoshwa na 17. Ile inayojijaza kwa mwendo wa mkono huhitaji 21 hadi 25. Miaka ya 1960 zilitoka saa zilizojivunia vito 100, vingi vikiwa vimepangwa bila kazi yoyote.

Jifunze pia kutofautisha tabia na ubovu. Miyota 8215 hujijaza upande mmoja tu, kwa hiyo ukiitikisa utasikia kile kipande kizito cha nyuma kikizunguka kwa mlio, na pengine akrabu ya sekunde ikasita kidogo. Hivyo ndivyo ilivyoundwa. Mashine inayopiga mara 8 kwa sekunde, kama ETA 2824, husukuma akrabu kwa ulaini kuliko ile ya mara 6, lakini ulaini huo peke yake haumaanishi kwamba saa imetengenezwa vizuri zaidi.

Bodi, kioo na maji

Geuza saa usome mgongo wake. Chuma cha pua cha daraja la 316L kina molibdeni, nacho hustahimili chumvi ya jasho na ya bahari. Saa nyingine zina bodi ya shaba nyeupe au zinki iliyopakwa rangi ya fedha au dhahabu. Anayeishi Tanga, Mombasa au Muscat ataujua ukweli mapema: rangi huanza kubanduka kwenye zile ncha nne zinazoshika mkanda, mahali ngozi inapogusa. Ukinunua saa iliyotumika, hapo ndipo pa kutazama kwanza. Mkanda wa ngozi nao haudumu kwenye joto na unyevu wa pwani. Mpira au chuma utakufaa zaidi.

Vioo ni vya aina tatu. Plastiki huchubuka kirahisi lakini husuguliwa ikang'aa tena. Kioo cha madini ni kigumu kiasi, na kikishachubuka hakisuguliki kwa urahisi. Yakuti ya kutengenezwa iko daraja la 9 kwenye kipimo cha ugumu ambacho almasi ni 10. Haichubuki ovyo, ila ikipigwa vibaya hupasuka. Aina ya kioo peke yake haimalizi kesi. Omega Speedmaster, iliyopitishwa na NASA mwaka 1965 kwa safari za anga, hadi leo inauzwa pia na kioo cha plastiki, ambacho kikipigwa hakimwagi vigae.

Maandishi ya maji ndiyo yanayowaponza wengi. Mita 30 maana yake ni mvua na kunawa mikono. Kuogelea kunataka mita 100. Saa ya mzamiaji halisi hufuata kanuni ya kimataifa ya ISO 6425, ambayo haikubali chini ya mita 100 na ina majaribio yake ya mshtuko, sumaku na kuonekana gizani. Hata hizo ahadi ni za siku saa ilipotoka kiwandani, kwa sababu ringi za mpira huzeeka. Kila fundi anapoifungua saa, mwambie abadilishe ringi na kuipima kwa shinikizo. Ukitoka baharini, isuuze kwa maji yasiyo na chumvi.

Uso na akrabu

Hapa azima lenzi ya fundi. Tazama kingo za maandishi: yamekatika safi au yamesambaa? Alama za saa zimesimama sawa? Tarehe iko katikati ya dirisha lake? Akrabu ya dakika inafika kwenye mstari wa dakika, au imekatiwa njiani kwa sababu mtengenezaji alitumia akrabu ya saa nyingine ndogo? Kosa hili la mwisho haligharimu chochote kulizuia, kwa hiyo likionekana ujue hakuna aliyejali.

Migongo ya kioo, inayoonyesha mashine, imekuwa mtindo. Mistari ya mawimbi unayoiona humo huchorwa na mtambo wa kiwandani kwa sekunde chache na haithibitishi ustadi. Ustadi hukaa kwenye kingo za vipande: zimelazwa kwa mshazari na kung'arishwa? Tafuta hasa pembe zinazoingia ndani. Chombo kinachozunguka huacha mviringo mahali hapo, na pembe iliyochongoka ni kazi ya mkono. Philippe Dufour, fundi wa Vallée de Joux huko Uswisi aliyeitoa saa yake ya Simplicity mwaka 2000, amepata heshima kubwa kwa pembe kama hizo kwenye saa yenye akrabu tatu tu. Muuzaji akitaja kazi ya mkono kwa bei kubwa, mwombe akuonyeshe pembe moja.

Maneno yaliyo kwenye uso

Tangu tarehe 1 Januari 2017, saa haiwezi kuandikwa kuwa imetengenezwa Uswisi kama angalau asilimia 60 ya gharama za kuitengeneza hazikutumika nchini humo. Mashine lazima iwe ya Uswisi, ifungwe kwenye bodi Uswisi, na ukaguzi wa mwisho ufanyike Uswisi. Kwa hiyo asilimia 40 inaweza kutoka kwingine bila sheria kuvunjwa. Saa inayosema mashine tu ni ya Uswisi, au mashine tu ni ya Japani, haikukuambia lolote kuhusu bodi, uso na kioo.

Kwenye saa za zamani kuna mtego mwingine. Seiko nyingi za mitumba, na HMT za India, zinazotoka Mumbai zimepakwa rangi upya, mara nyingi rangi ambazo kiwanda hakikuwahi kuzitoa. Zinapendeza na ni nafuu, na hakuna kosa kuzinunua ukijua unachokinunua. Upande wa pili wa bahari, Sultani Qaboos wa Oman aliagiza Rolex na saa nyingine zenye nembo ya jambia usoni kwa ajili ya kuzawadia. Nembo hiyo huipandisha bei saa mara nyingi, na kwa sababu hiyo uso wa jambia usio na karatasi za kuuthibitisha usilipiwe bei ya jambia.

Hukumu ya washtakiwa

Sasa turudi kwenye majina. Invicta ilianzishwa La Chaux-de-Fonds mwaka 1837 na Raphael Picard, ikafifia, na tangu 1991 ni ya Wamarekani. Sura ya Pro Diver yake imechukuliwa waziwazi kutoka Rolex Submariner ya 1953, na jina limechongwa ubavuni mwa bodi kwa herufi kubwa. Lakini Pro Diver ya kujijaza ina NH35 ya Seiko ndani na bodi ya chuma cha pua. Ikipatikana kwa bei ya chini, mashine yake haina la kuonea haya. Ikitajwa kwa bei kubwa ya kwenye lebo, iache. Anayeikataa kwa kuchukia kuiga ana haki yake, ila asiseme ni mbovu.

Daniel Wellington, kampuni ya Uswidi iliyoanza 2011, ilikua kwa kuwapa saa watu maarufu wa mitandaoni ili wapige nazo picha. Ndani mna mashine ya betri ya Kijapani ya kawaida kabisa. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, wahenga walisema. Hii si mbaya, lakini sehemu kubwa ya bei yake inalipia hiyo safari ya kujitembeza. Kwa fedha hizo Citizen itakupa saa inayojichaji kwa mwanga.

Hublot iliushangaza ulimwengu mwaka 1980 kwa kuivisha dhahabu mkanda wa mpira. Big Bang ya 2005 ilipoanza ilitegemea mashine yenye msingi wa Valjoux 7750, ambayo chapa nyingi za bei ndogo zaidi zinaitumia, na lawama za wakati ule zilikuwa na haki. Mwaka 2010 wakaleta Unico, mashine ya kronografu, yaani ya saa yenye kipima muda, waliyoibuni wenyewe. Anayerudia lawama za 2005 mbele ya saa yenye Unico hajaifungua. Ubishi uliobaki ni wa sura na bei, na huo kila mtu auamue kwa mfuko wake.

Na Rolex? Kama saa, inafaulu kila kipimo hapa: inajiwekea mpaka wa sekunde 2 kwa siku, kupungua au kuzidi, na mafundi wanaijua duniani kote. Kinachochukiza ni foleni ya dukani na wachuuzi wanaoiuza tena kwa bei ya juu zaidi. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, lakini hapa tembo bado ni zito. Kasoro iko kwa wanaolinywesha.

Kinyume cha wote hao ni Swatch ya 1983: plastiki, vipande 51, bodi isiyokusudiwa kufunguliwa kwa matengenezo. Ilijitangaza kuwa saa ya kufurahisha na ya bei ndogo, ikawa hivyo hivyo. Ndiyo maana wapenzi wa saa hawaionei haya.

Orodha yangu, basi, haina majina bali ina saa za aina nne: yenye mashine isiyotajwa, yenye mita za maji zisizo na maana, yenye punguzo la asilimia 80 kutoka bei ambayo haikuwahi kulipwa na mtu, na yenye jina la wengine lililobandikwa kwa udanganyifu. Kabla ya kulipa, muulize muuzaji mambo manne: mashine gani, chuma gani, kioo gani, na nani ataitengeneza. Akikosa jibu la mawili, mrudishie saa yake hata kama jina lililo usoni unalipenda.