Jina la Bibi Harusi kwa Wino wa Masizi

Katika Delhi ya kale, bwana harusi mwenye watu hutungiwa sehra, shairi la kumsifu linalosomwa mbele ya wageni siku ya ndoa. Mwaka 1852, alipooa Jawan Bakht, mwana wa mfalme wa mwisho wa Mughal, washairi wawili wakubwa wa mji ule, Ghalib na Zauq, walimtungia kila mmoja lake, na wapenzi wa ushairi wa Kiurdu hawajamaliza kubishana ni lipi lililo bora. Watu wa pwani hatuhitaji kufafanuliwa jambo hili, maana kwetu pia harusi ilikuwa na malenga wake. Lakini Delhi moyo wangu ulibaki kwa mtu ambaye hakutunga hata neno moja la sehra niliyoisikia. Yeye aliiandika.

Nilikwenda kwa harusi ya rafiki niliyesoma naye chuo, nikafika mapema, naye akaacha shughuli zake kunitembeza. Tuliiona Ngome Nyekundu, tukapenya Kinari Bazaar kwenye mataji na nyuzi za dhahabu, tukatokea Chawri Bazaar ambako maduka ya kadi za harusi yamebanana mlango kwa mlango, kadi nene zinazong'aa, zote zimechapwa. Jama Masjid, msikiti uliokamilika mwaka 1656, nilisimama uani juani nikatazama juu ya matao: maandishi ya jiwe jeusi yamepachikwa kwenye marumaru nyeupe, herufi zimepandana bila kusongamana. Kabla patasi haijaligusa jiwe lile, alikuwepo mtu na kalamu ya tete. Watalii walikuwa wakipiga picha minara.

Chini ya msikiti, upande wa lango la kwanza, ni Urdu Bazaar, mtaa wa wauza vitabu. Soko la kwanza la jina hilo lilivunjwa na Waingereza baada ya maasi ya 1857. Hili la sasa nalo linamezwa polepole na majiko ya mishikaki. Humo ndimo walimobaki wachache wanaoitwa katib, waandika khati wa kazi, na humo ndimo tulimofuata sehra iliyotungwa na mjomba wa rafiki yangu.

Mzee alikuwa ameketi sakafuni, goti moja kaliinua, ubao juu ya goti, karatasi juu ya ubao. Beti zilikuwa zimekwisha isipokuwa ile ya mwisho, yenye majina ya maharusi. Alitukaribisha bila kuinua macho. Alikuwa akichonga kalamu upya, kisu kidogo kikipita juu ya tete kwa mkato mmoja wa mshazari, kisha akaijaribu ncha kwenye ukucha wa kidole gumba. Kidauni mlikuwa na nyuzi za hariri zilizolowa, ili kalamu isinywe wino kupita kiasi. Wino wenyewe ni wa masizi na gundi ya mgunga. Akachukua kipande cha karatasi chakavu, akaliandika jina la bibi harusi. Akalitazama. Akaliandika tena chini yake, safari hii bakuli la nun ya mwisho likiwa pana zaidi. Akaliandika tena.

"Ustad," rafiki yangu akasema kwa adabu, "harusi ni kesho kutwa."

"Jina hili utaishi nalo, mwanangu. Subiri."

Tukasubiri. Nilielewa sababu nilipomwona akilihamishia kwenye karatasi yenyewe. Nastaliq, khati iliyozaliwa Uajemi ikakuzwa India, hailali kwenye mstari. Kila neno huanzia juu kuliani na kuteremka kuelekea kushoto, hata herufi ya mwisho ndipo itue. Kwa hiyo mwandishi hawezi kuiweka herufi ya kwanza mpaka awe ameshaliona neno zima kichwani, mwisho wake ukiwemo. Akikosea urefu wa mteremko hapo mwanzo, neno litazama chini ya mstari au litaning'inia, na karatasi ya sehra haifutwi. Kipimo chake ni nukta, alama ya mshazari inayoachwa na ncha ya kalamu ikibonyezwa mara moja. Alif ni nukta tatu. Kalamu ikichongwa pana, nukta hupanuka, na herufi zote hukua pamoja nayo. Hakuna rula mle dukani. Mkono unajua.

Zamani hilo lilikuwa jambo la kila siku. Magazeti ya Kiurdu yalikuwa na makatib wake, wakiandika habari za jana kwa khati ile ile ya mashairi. Mwaka 1981 Mirza Ahmad Jamil wa Karachi, yeye mwenyewe fundi wa khati, aliandaa maelfu kwa maelfu ya maumbo ya nastaliq ili mashine iweze kuyapanga. Ilikuwa kazi ya heshima kubwa, na siilaumu, maana bila mkono wake mashine isingekuwa na cha kupanga. Ninachokilaumu ni wepesi wetu wa kumwambia fundi kwaheri siku ile ile mashine inapofika, kana kwamba kilichokuwa kikinunuliwa kwake kilikuwa herufi peke yake. Rafiki yangu aliinunua subira ya mzee, na ukaidi wake mbele ya jina la msichana asiyemjua.

Tulikuwa nayo sisi pia. Siyu, kisiwani Pate, ilisifika kwa misahafu iliyonakiliwa kwa mkono, na tenzi zetu zilituvukia vizazi kwa sababu watu walikaa wakaziandika kwa herufi za Kiarabu, beti kwa beti. Hata juzijuzi tu, kadi za harusi zilizochapwa ziliachwa nukta nukta baada ya "Bw./Bi.", na kila ukoo ulikuwa na mtu wake wa mwandiko mzuri. Kwetu Mombasa alikuwa shangazi. Aliwekwa mezani na orodha ya wageni na kalamu nyeusi, na kazi haikwenda mbio, kwa kuwa kila jina lilimzulia swali. Huyu Mwinyi ni wa Kibokoni au wa Majengo? Keshahiji? Mkewe tumwandike pamoja naye au apewe kadi yake? Watu wazima wakaulizana, wakakumbushana msiba ambao hawakwenda, wakaliongeza jina lililosahauliwa. Sasa picha moja inatupwa kwenye kundi la simu saa tano usiku, na mgeni anajikisia mwenyewe kama naye yumo.