Kiunzi, Jedwali na Picha katika Vitabu vya Mafunzo

Kazi ya kusanifu upya kitabu cha mafunzo huanza, kwa kawaida, na mabishano juu ya picha; ni mara chache huanza na mabishano juu ya maneno. Twadhani utaratibu huo umegeuzwa juu chini. Mchapaji, mchoraji na mwalimu wakikaa meza moja bila ya kuwa na jina moja la mistari inayougawa ukurasa, kila mmoja atafanya lake, na atakayeumia ni msomaji.

Mistari tunayoikusudia ni ile isiyochapwa. Msanifu huugawa ukurasa kwa safu za wima na za ulalo, akaacha nafasi nyembamba baina ya sehemu na sehemu, kisha akapanga maandishi na picha kwa kuufuata mgawanyo huo. Mswisi Josef Müller-Brockmann (1914–1996) aliueleza utaratibu huu kwa urefu katika kitabu alichokitoa mwaka 1981 kwa Kijerumani na Kiingereza, akionyesha kurasa zilizogawanywa sehemu 8, 20 na 32.

Tuuiteje mgawanyo huo? Neno gridi wenye ramani wamekwisha kulizoea, na kwao mistari huonekana, ina namba, na hutumika kutafutia mahali. Wavu una matundu yaliyo sawa, hali sehemu za ukurasa si lazima ziwe sawa. Miraba haifai, kwani sehemu nyingi ni mistatili. Lenye hatari zaidi ni jedwali. Katika jedwali mistari huchapwa, na kila kisanduku hupata maana yake kutokana na mahali kilipo. Mchoraji akiambiwa apange picha nne “katika jedwali” atazifunga ndani ya mistari, naye msomaji atadhani kwamba picha ya juu ina uhusiano na ile ya chini yake hata kama zimekutana kwa bahati tu.

Sisi twapendekeza kiunzi. Ajengaye nyumba ya udongo husimamisha nguzo, akafunga fito, kisha akakandika. Fito hazionekani tena, lakini unyofu wa ukuta ni wao. Tena panapotakiwa dirisha, fito hukatwa. Na ndivyo ilivyo ukurasani, ambapo picha moja kubwa yaweza kuchukua sehemu mbili au nne bila ya kuuvunja mpango.

Tofauti hii tuipime katika kitabu kinachojulikana. David Werner alikiandika kitabu chake cha tiba kwa ajili ya wanavijiji wa milima ya Sinaloa, huko Meksiko. Kilitoka kwa Kihispania mwaka 1973, kwa Kiingereza mwaka 1977, na Kiswahili chakijua kwa jina la Mahali Pasipo na Daktari. Michoro yake ni ya mkono, nayo imewekwa karibu sana na sentensi inazozieleza. Kiunzi chake ni legelege, na hatuoni kuwa hilo ni aibu. Matoleo ya awali yaliruhusu wazi kurasa zinakiliwe na kubadilishwa kwa mahitaji ya mahali, mradi pasiwe na biashara ya faida. Kwa hiyo kukisanifu upya si ujuvi.

Humo mna karatasi ya kumpa mgonjwa asiyejua kusoma. Chini yake pana nafasi nne zenye picha: jua likichomoza, jua la adhuhuri, jua likizama, na mwezi. Mganga huchora vidonge chini ya kila picha. Hili ni jedwali, si kiunzi. Mistari yake sharti ichapwe, maana ndiyo inayosema kidonge hiki ni cha wakati huu. Msanifu atakayeifuta ili ukurasa upendeze atakuwa ameiondoa dawa kwenye saa yake.

Lakini picha zenyewe zahitaji majaribio. Jua lichomozalo na jua lizamalo, kwa mchoro, ni jua lile lile; kinachowatenganisha ni nafasi zao tu, yaani ya kwanza na ya tatu kutoka kushoto. Mzee wa pwani aliyesomea chuoni kwa hati za Kiarabu huanza kuliani. Tena kwake siku huanza jua linapokuchwa, na usiku wa Ijumaa ni ule unaofuata mchana wa Alhamisi. Mwezi kuwa wa mwisho si jambo analolitarajia. Dawa ikitakiwa kunywewa jioni tu, tofauti hiyo ndiyo tiba yenyewe.

Mchoraji aweza kufikiri ataponya kasoro hii kwa kuchora bahari. Haitoshi. Jua juu ya maji ni asubuhi kwa mtu wa Bagamoyo na wa Bukoba, ila ni jioni kwa mtu wa Kigoma na wa Mji Mkongwe wa Unguja. Mchoro mmoja kwa nchi nzima utamdanganya mmoja wao. Afadhali jogoo awikaye kwa alfajiri na kandili iliyowashwa kwa magharibi, vitu ambavyo havibadiliki kwa kuvuka nchi kutoka ziwani hadi pwani.

Wala si jambo la kubuni mezani. Uchunguzi uliofanywa Nepal na kuchapishwa mwaka 1976, ambao UNICEF ilishiriki, ulionyesha kwamba wanavijiji wengi hawakuzichukua picha zilizofuatana kuwa hadithi moja, na kwamba picha iliyoondolewa mandhari ya nyuma ilitambulika vyema kuliko ile iliyoachiwa kila kitu. Jaribio la karatasi yetu ni jepesi: mgonjwa apewe punje za maharagwe, aambiwe aziweke penye kandili, kisha aeleze atakunywa lini. Visanduku vikipangwa kwa wima, kutoka juu kwenda chini, ugomvi wa kushoto na kulia hauzuki kabisa. Twashangaa mpango huo haujaribiwi mara nyingi zaidi.

Limesalia jina la nafasi nyembamba iliyo baina ya safu mbili za kiunzi. Mfereji hupitisha maji, na hapa hapapiti kitu isipokuwa jicho. Ujia, kama ule ulio baina ya nyumba na nyumba, unatosha.