Baridi Hutengenezwa Nyumbani

Seremala ana kitanda cha kumwonyesha mteja. Mwashi ana ukuta, mshonaji ana gauni la harusi. Fundi friji hana cha kuonyesha. Akifanya kazi yake vizuri, maji yanakuwa ya baridi kama yalivyopaswa kuwa tangu mwanzo, na baada ya wiki hakuna anayekumbuka kwamba aliwahi kuitwa. Ndiyo maana nataka kumsifu, hasa huyu wa kwetu Ukonga, Dar es Salaam, anayezunguka na mkoba wake kutoka kituo cha Banana hadi cha Mombasa, hukuhuku Ukonga, na akipigiwa simu jioni anafika mpaka Gongo la Mboto. Watu humsifia anavyochomea bomba la shaba. Mimi namsifia kupima.

Siku hizi mitaa yetu inapokea mafriji makubwa ya milango miwili inayofunguka kama kabati, yenye mashine ya barafu ndani yake: unasogeza glasi, vipande vinadondoka. Mengine yananunuliwa Kariakoo, mengine yanakuja kwenye kontena la jamaa aliyeko Marekani. Friji linashushwa kwenye kirikuu, watoto wanajaa, vijana wanne wanalibeba hadi barazani, na hapo ndipo inapogundulika kwamba halipiti mlangoni. Mafriji ya aina hiyo yana upana wa karibu sentimita 91. Milango mingi ya huku haifiki hapo, tena mbele yake kuna grili inayokula nafasi.

Fundi mwenye akili huitwa kabla pesa haijatoka mfukoni. Anakuja na futi. Anapima mlango, anapima grili ikiwa imefunguka, anapima kona ya korido ambako mzigo utageuzwa, kisha anaangalia dari. Wengi tunasahau dari. Friji la kimo cha sentimita 178 na kina cha sentimita 75 likiingizwa limelala, halafu likasimamishwa, huhitaji nafasi ya sentimita 193, kwa kuwa ulalo wake ni mrefu kuliko ubavu wake. Hiyo ni hesabu ya Pythagoras tuliyoiimba sekondari bila kujua itatufaa wapi. Fundi anaifanya akiwa amechuchumaa sebuleni, kwa penseli, nyuma ya risiti ya LUKU.

Halafu anafungua mlango wa friji na kusoma kibandiko ambacho mwenye nyumba hajawahi kukitazama. Herufi N inamaanisha friji limeundwa kwa chumba kisichozidi nyuzi 32. ST inafika 38, na T inafika 43. Jiko lililoezekwa bati bila dari, mwezi wa Februari, saa nane mchana, jiko la mkaa likiwaka pembeni, si mahali pa herufi N. Friji la N hapo litanguruma kutwa bila kupumzika, na mwenye nyumba atailaumu gesi. Kibandiko hichohicho kinataja umeme. Friji la Marekani hutaka volti 115 na mizunguko 60 kwa sekunde. Umeme wetu ni volti 230 na mizunguko 50. Transfoma hurekebisha volti, lakini mizunguko huiacha ilivyo, na kompresa ya kawaida hupoteza karibu moja ya sita ya mwendo wake. Muuzaji hakulisema hilo. Fundi analisema, hata kama litamkosesha kazi.

Ustadi wake unaonekana zaidi kwenye ile mashine ya barafu. Kazi ya mashine hiyo ni rahisi kueleza. Valvu hufunguka sekunde chache, maji yanaingia kwenye vibakuli, yanaganda, kihisi kinangoja ubaridi ufike kiwango chake, kisha kihita kidogo kinalegeza vipande na mota inavisukumia kwenye droo. Droo ikijaa, mkono mdogo unainuka na kusimamisha kazi. Katika nyumba nyingi za huku hakuna kipande hata kimoja kinachodondoka. Kanjanja akiitwa atabadilisha mota, na pesa ya mota si ndogo.

Fundi ninayemsifu huanzia nje, kwenye tanki. Anaangalia mnara ulivyo mrefu. Maji yaliyo juu kwa mita 10 husukuma kwa nguvu ya takribani baa 1. Tanki lililo juu ya mnara wa mita 3 linatoa kama baa 0.3, wakati mashine nyingi za barafu zinataka angalau baa 1.4. Valvu yenyewe hutegemea msukumo wa maji ili ijifunge sawasawa. Msukumo ukiwa mdogo inabaki ikidondosha tone moja moja, na matone hayo yanagandia kwenye kibomba cha kuingizia maji hadi njia inaziba. Kwa hiyo mota ni nzima, kihisi ni kizima, friji ni zima. Kilichopungua ni mita kadhaa za mnara. Dawa ni pampu ndogo, na kichujio kwa wale wanaotumia kisima, maana visima vingi vya Dar es Salaam vina chumvi, na chokaa yake inakaa kwenye kichujio cha valvu kama utando kwenye sufuria ya chai.

Hapo ndipo utaalamu wake unapojulikana. Mashine iliundwa ikiitarajia nyumba fulani: maji ya bomba yenye nguvu, umeme usioyumba, jiko lenye kivuli. Kiwanda kinatengeneza friji, lakini baridi hutengenezwa nyumbani, na anayejua nyumba zetu ni huyu wa mkoba.

Umeme nao una hesabu yake. Ukikatika na kurudi papo hapo, kompresa inajaribu kuwaka huku gesi ya upande mmoja ikiwa bado na shinikizo kubwa. Inashindwa, inapata moto, kinga inakata, na unasikia kile “tik” ambacho kila nyumba iliyopitia mgao wa umeme inakijua. Kifaa cha kulinda friji hungoja dakika chache ili shinikizo lisawazike, ndipo kiruhusu umeme. Kompresa ikigoma kabisa, fundi halazimiki kubahatisha. Nyuma yake kuna pini tatu. Anapima kwa multimita kati ya pini ya pamoja na ya kukimbizia, kisha kati ya pamoja na ya kuwashia. Akipata, tuseme, omu 4 na omu 15, basi kati ya pini ya kukimbizia na ya kuwashia lazima apate 19. Hesabu ikikubali, koili ni nzima na anahamia kwenye rilei, ambayo bei yake haikaribii ya kompresa. Nyaya hazidanganyi zikihojiwa kwa utaratibu.

Mtihani mkubwa zaidi ni wa uaminifu, nao huja kwa sentensi moja.

“Fundi, jaza tu gesi, nina barafu za kuuza kesho.”

“Mama, gesi ya friji haiishi. Ikipungua, imevuja. Nipe nusu saa nitafute ilikotokea.”

Anapaka povu la sabuni kwenye viungo, anatazama viputo. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na hapa ufa unaweza kuwa mdogo kuliko ncha ya sindano. Gesi hiyo ina mambo makubwa nyuma yake. Mkataba wa Montreal wa 1987 uliziwekea mpaka gesi za zamani kama R12 kwa kuwa zilikuwa zinatoboa tabaka la ozoni. Mwaka 2016, jirani zetu Kigali, dunia ikakubaliana kupunguza hata warithi wake kama R134a kwa sababu ya joto wanaloliongezea anga. Mafriji mengi mapya yana R600a, ambayo inashika moto. Anayechomea bomba bila kuuliza ni gesi gani iliyomo anaweza kuunguza jiko zima.

Yule mama anayeharakisha naye ana haki yake. Maji ya kandoro na barafu za ubuyu zinalipa ada na marejesho ya kikoba, na friji likilala siku mbili mtaji unayeyuka. Ila haraka yake ndiyo inayomlisha kanjanja.

Tuna tabia moja Dar es Salaam: tunalipia kipuri, kupima hatutaki kulipia. Fundi akikaa saa nzima akikagua, kisha akatuambia tusogeze friji mbali na ukuta na tununue mpira mpya wa mlango, tunamuuliza, “Sasa hapo umefanya nini?” Amefanya lililo gumu: amekataa kutuuzia tusichohitaji. Iwepo basi bei ya kukagua, itajwe wazi kabla mkoba haujafunguliwa, na ilipwe bila kununa. Anayelipia kupimiwa hulipa mara moja. Anayelipia kujaziwa gesi atalipa kila Idi na kila Krismasi.