Faili Ghafi na Mwanga wa Uluguru

Faili ghafi ni kumbukumbu ya mwanga kama ulivyopokewa na kihisi cha kamera, kabla haujageuzwa kuwa picha. Kihisi chenyewe hakijui rangi. Kila pikseli hupima wingi wa mwanga tu, na ili rangi zipatikane kihisi hufunikwa kwa kichujio chenye vigae vidogo mno, viwili vya kijani kwa kila kimoja chekundu na kimoja cha buluu. Mpangilio huo ulibuniwa na Bryce Bayer, mtafiti wa kampuni ya Kodak, ukapewa hataza mwaka 1976, na ndio unaotumika katika kamera nyingi hadi leo, za simu zikiwamo. Kinachotoka hapo ni safu ya namba. Zikionyeshwa zilivyo, hutokea taswira ya giza, ya kijani, iliyojaa vidoa. Kuifikisha taswira hiyo mahali ambapo mtu aliyekuwepo atasema ndivyo palivyokuwa ni kazi ya jicho, mkono na subira, na ni miongoni mwa kazi nzuri kabisa anazoweza kujifunza mpiga picha wa leo.

Anayepiga kwa JPEG huiachia kamera kazi hiyo. Kwa muda usiofika sekunde moja kamera hukisia rangi ya mwanga, hukoleza, hunoa kingo, hulainisha chenga, hulibana faili, kisha hutupa kila ilichoona hakina haja. Makisio yake hufuata wastani: anga la kadiri, majani ya kadiri, ngozi ya kadiri. Mara nyingi hupatia. Lakini Milima ya Uluguru haina mambo ya kadiri. Mji wa Morogoro uko kwenye mwinuko wa mita kama 500, na kilele cha Kimhandu kinapita mita 2,600; kati ya hapo pana mashamba, migomba, msitu mzito, mawingu na nyanda za nyasi za Lukwangule. Upande wa mashariki, Kinole na Matombo, mvua ni nyingi na ardhi ina unyevu karibu mwaka mzima. Upande wa Mgeta kiangazi ni kiangazi kweli. Mtu akipanda kutwa moja hukutana na mianga ya aina nyingi, na hakuna hata mmoja ambao waunda kamera waliuwazia.

Hata mlima ule unaotazamwa kutoka mjini hubadilika kwa majira. Morogoro iko karibu digrii 7 kusini mwa ikweta, na mlima umesimama kusini mwa mji. Mwezi Juni jua la adhuhuri hupita kaskazini na kuumulika uso unaoelekea mji, mikunjo ya mabonde ikaonekana wazi hadi Bondwa penye minara ya mawasiliano. Mwezi Desemba jua huchomoza kusini zaidi na kupita upande wa pili wa utosi. Asubuhi mlima hubaki mzito, wa rangi ya makaa, huku anga lililo juu yake likimeta. Mwanga wa anga na mwanga wa bonde hutofautiana mara mamia. Katika JPEG lazima kimoja kife: ama anga linakuwa karatasi tupu, ama bonde linakuwa shimo.

Hapo ndipo hesabu inapoonyesha thamani yake. JPEG hubeba daraja 256 za mwangaza kwa kila rangi. Faili ghafi la biti 14 hubeba 16,384. Tena kihisi huhesabu kwa mstari ulionyooka: mwanga ukiongezeka maradufu, namba nayo huongezeka maradufu. Kwa hiyo nusu ya daraja zote, yaani 8,192, huangukia kwenye hatua ya juu kabisa ya mwangaza. Hatua inayofuata chini yake hupata 4,096, kisha 2,048, na kuendelea hadi vivuli vizito vinavyogawana daraja chache. Ndiyo sababu wanaoijua kazi hii huipa picha mwanga mwingi kadiri inavyowezekana, wakikomea pale ambapo weupe unakaribia kuungua. Kilichoungua hakirudi kwa programu yoyote. Kivuli huinuliwa. Grafu ya mwanga inayoonekana nyuma ya kamera nayo yataka kusomwa kwa akili, kwa kuwa huchorwa kutokana na JPEG ndogo iliyofichwa ndani ya faili, hivyo hulia mapema kuliko kihisi.

Mtihani mkubwa ni msituni. Chini ya miti ya Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Uluguru, iliyotangazwa mwaka 2008, mwanga hufika baada ya kupenya tabaka baada ya tabaka za majani, na majani hunywa nyekundu na buluu, yakaacha kijani kipite. Kila kilichoko chini hupakwa kijani hicho: gome, jiwe, uso wa mwongozaji. Jicho la binadamu huzoea baada ya dakika chache likaacha kukiona. Kihisi hakizoei. Kamera ikiachiwa iamue, mara hukiacha kijani chote, mara hukifuta chote na kuufanya msitu wa karne nyingi ufanane na bustani ya hoteli.

Katika faili ghafi rangi ya mwanga haijaamuliwa. Imeandikwa pembeni kama pendekezo tu, na anayesafisha anaweza kuibadilisha bila kupoteza hata chembe ya kilichopokewa. Kipimo chake ni Kelvini: jua la mchana huwa karibu 5,500, kivuli kilicho chini ya anga la buluu hupanda hadi 7,000 na kuzidi, na mwali wa koroboi hushuka hadi karibu 2,000. Lakini msituni kipimo hicho peke yake hakitoshi, maana hutoka buluu kwenda njano tu. Kazi hufanyika kwenye mhimili wa pili, ule wa kijani na zambarau, ambao wanaoanza huusahau. Kadi ya kijivu ikipigwa picha mara moja palepale chini ya mti hutoa jibu la kwanza. Jibu hilo ni sahihi kwa kadi, na bado huenda lisiwe kweli kwa mahali, kwa sababu aliyetembea humo alizungukwa na ukijani, na kuufuta wote ni kumnyima mtazamaji msitu wenyewe. Wasafishaji hodari hurekebisha hadi jiwe liwe jiwe, kisha hurudi nyuma kidogo. Kiasi cha kurudi nyuma hakimo kwenye kitabu chochote, na hapo ndipo ufundi unapozidi ujuzi wa vitufe.

Mwanasayansi hana uhuru huo, naye lazima aifuate kadi. Uluguru ni sehemu ya Tao la Mashariki, safu ya milima iliyosifika kwa viumbe wasiopatikana penginepo, na picha nyingi zinazopigwa huko ni ushahidi kabla ya kuwa pambo. Chozi wa Loveridge, ndege mdogo anayeishi Uluguru pekee, ana manyoya yanayometa kijani ya madini na zambarau. Rangi hizo hutokana na umbo la manyoya linavyovunja mwanga, na JPEG huzibana hadi zikawa bapa. Malaconotus alius, ndege mwingine anayeishi Uluguru pekee, hukaa juu kwenye vilele vya miti. Anayempiga picha kutoka chini hupata kiwiliwili cheusi mbele ya anga jeupe. Katika faili ghafi lililopewa mwanga wa kutosha, kivuli kikiinuliwa hujitokeza tumbo la njano, mgongo wa kijani na utosi mweusi, na ndege asiye na jina anapata jina. Maua ya Saintpaulia, yanayoota kwenye miamba yenye kivuli kando ya vijito na ambayo ndugu zake hukuzwa madirishani Ulaya na Marekani, yana urujuani ambao kamera hupenda kuugeuza buluu. Kwa mtaalamu wa mimea kosa hilo si dogo.

Ukungu una sheria yake. Kamera hutafuta kijivu cha kati popote inapoelekezwa, hivyo mawingu meupe yanayoshuka juu ya Tegetero hutoka kama moshi mchafu. Tiba ni kuongeza mwangaza, mara nyingi kwa hatua nzima, na kuacha tofauti za vivuli zibaki ndogo kama zilivyokuwa. Programu za leo zina kitelezi cha kuondoa utusitusi, na kishawishi cha kukivuta hadi mwisho ni kikubwa. Kivutwe kwa adabu. Ukungu wa Uluguru una kazi mlimani: misitu huunyonya, nao huchangia maji ya vijito vinavyoulisha Mto Ruvu, ambao Dar es Salaam inakunywa. Picha iliyoufuta imepoteza habari yake kuu. Utusitusi wa mwisho wa kiangazi, nyasi na mashamba yanapochomwa, ni jambo jingine. Ule hupunguzwa kwa haki, na kazi hiyo huanzia kwenye rangi nyekundu, kwa kuwa mwanga mwekundu hutawanywa kidogo kuliko wa buluu na hubeba umbo la mlima hata buluu inapokuwa imezama.

Ngozi ya mtu inastahili uangalifu kuliko msitu na ndege. Kwa miongo mingi maabara za picha za rangi zilisawazisha mashine zao kwa kadi za Kodak zilizoitwa Shirley, zenye sura ya mwanamke mweupe, na sura nyeusi ikatoka ama kama doa ama kama udongo. Kamera za kidijitali zimepiga hatua, ila mazoea ya zamani bado yamo ndani ya makisio yao, na hayo huonekana wazi katika kumbi za harusi za Morogoro, penye shela jeupe, suti nyeusi na taa za zambarau. Msafishaji mzuri huanza na shela kuhakikisha halijaungua, halafu huinua nyuso bila kugusa weusi wake. Ngozi nyeusi ina tabaka nyingi za mwanga, kuanzia mng'ao wa shavu hadi kahawia nzito ya shingo, na tabaka hizo zote zimo kwenye faili zikingoja. Kuichubua ngozi kwenye kompyuta ili mwenye picha aonekane mweupe ni kosa la ufundi, na ni dhuluma kwa aliyepigwa.

Kazi hizi zina ukoo. Katika chumba cha giza cha studio kama Capital Art Studio, iliyofunguliwa Zanzibar na Ranchhod Oza mwaka 1930, fundi alikinga mwanga kwa kiganja juu ya karatasi ili uso usiwe mweusi mno, akauacha uendelee pembeni ili anga likolee. Vinyago vya programu, vinavyochagua bonde na kuliacha anga, hufanya lilelile. Tofauti ni kwamba kiganja kilipokosea karatasi ilitupwa. Kwenye faili ghafi kila tendo hufutika.

Chenga hubaki. Mwanga hufika kwa chembe, na chembe zikiwa chache hesabu yake huyumba: pikseli iliyopokea 10,000 huyumba kwa kama 100, yaani asilimia 1, lakini iliyopokea 100 huyumba kwa 10, yaani asilimia 10. Hivyo chenga za msituni ni tabia ya mwanga wenyewe, wala si lazima kamera iwe mbovu. Zile za rangi, madoa mekundu na ya kijani, huondolewa bila huruma. Zile za mwangaza huachwa kiasi, maana ukizifuta zote, gome na manyoya hulainika hadi vikafanana na plastiki. Kunoa hufuata, na hufanywa mwisho, kwa kipimo cha karatasi au skrini itakayotumika. Nguo zenye ufumaji mwembamba zataka kuangaliwa, kwa kuwa programu hujaza rangi mbili zinazokosekana katika kila pikseli kwa kuazima kwa jirani, na nyuzi zikiwa nyembamba kuliko pikseli huzuka mawimbi ya rangi ambayo mvaaji hakuyavaa.

Vifaa si kikwazo kama zamani. Programu za darktable na RawTherapee hazilipiwi, na zinafanya karibu yote yaliyotajwa hapa. Simu za Android zimeweza kuhifadhi picha ghafi tangu toleo la 5.0 la mwaka 2014, na za iPhone tangu 2016, nyingi zikitumia DNG, muundo ulio wazi ambao Adobe iliutoa mwaka 2004. Mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo mwenye simu ya namna hiyo anaweza kuanza kwenye mteremko ulio juu ya chuo chake.

Gharama ipo kwenye hifadhi. Kamera ya pikseli milioni 24 kwa biti 14 hutoa megabaiti 42 kabla ya kubanwa, na safari moja ya Lukwangule hujaza diski upesi. Lakini faili ghafi haliguswi na usafishaji. Maagizo huandikwa kwenye faili dogo la pembeni, na faili lile lile linaweza kusafishwa upya baada ya miaka 10 kwa programu iliyo bora zaidi. Kwa picha za matuta ya Mgeta au za ukingo wa msitu juu ya Kinole, zinazopigwa kutoka sehemu moja mwaka hadi mwaka, jambo hilo ndilo huziwezesha kulinganishwa, kwa kuwa zote zaweza kupewa rangi na mwangaza kwa kipimo kimoja. Ziandikwe mahali, tarehe na uelekeo wa kamera, ziwekwe pamoja na faili la maagizo, kwenye diski mbili, moja ikikaa nyumba nyingine.